Mdogo wangu katoka vipele wiki ya tatu ya dawa ya kifafa, nimwachishe?

Swali lilikuja hivi: "Daktari shikamoo. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19, ana kifafa tangu akiwa darasa la pili. Miaka yote alikuwa anatumia fenobabitoni lakini alikuwa bado anaanguka, na shuleni alikuwa analala tu, basi kliniki wakaanza kumpunguzia hiyo huku wanamuanzishia karbamazepini. Kuanguka kumepungua sana, tunashukuru. Sasa leo ni siku ya 18 tangu aanze, juzi ametoka vipele kifuani na mgongoni vinashuka mikononi, vinawasha, homa hana ni joto tu la kawaida, na anasema macho yanamchoma kama kaingiwa na moshi. Tunakaa Igombe, mama anasema ni maji ya ziwa maana anasaidia kuanika dagaa, jirani anasema dawa inatoa sumu ya kifafa nje tuvumilie, mi nimemnunulia piritoni. Nimwachishe dawa? Nikimwachisha akaangukia majini nitasema nini? Na vile vidonge vya zamani vya fenobabitoni bado tunavyo ndani, nimrudishie hivyo?"

Marahaba dada yangu, na pole sana. Wanaosoma hapa wajue kwamba dada huyu nilishamjibu pembeni siku ileile, nikamwambia asimpe dozi ya jioni, achukue bodaboda au bajaji, chochote, waje hospitali na vidonge vyote mkononi, na alisikia, kijana amelazwa anaangaliwa na mpaka naandika hapa anakula na kuongea vizuri. Ameniruhusu nijibu kwa kirefu maana swali lake nalisikia karibu kila mwezi kwa namna tofauti tofauti, na wengi wanaouliza wanauliza wakiwa wamechelewa.

Nianze na kilichonishtua. Vipele vyenyewe havikunishtua sana. Kilichonishtua ni lile neno ulilolichomeka mwishoni kama vile halina uzito, kwamba macho yanamchoma. Ukimeza dawa ya kifafa ukatoka vipele vya ngozi tu hiyo ni habari moja, lakini vipele vikija pamoja na macho kuchoma, au mdomo kuwa na vidonda, au koo kuuma kumeza, au kukojoa kunauma, hapo ujue sehemu laini za mwili nazo zimeguswa, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Halafu hilo "joto tu la kawaida" nalo, naomba tuache kupima homa kwa mgongo wa mkono, kipimajoto ni bei ndogo na kila nyumba yenye mgonjwa wa muda mrefu iwe nacho.

Sasa wewe ulikuwa katikati ya hofu mbili, na zote ni za kweli. Ukimwachisha anaweza kuanguka, na kwenu Igombe kuanguka si kuanguka sebuleni, ni kuangukia maji au jiko la kuni. Usipomwachisha, vipele vinaweza kugeuka kitu kibaya. Hapo katikati kuna njia ya tatu ambayo watu hawaambiwi wakati wanapewa dawa, kwamba dawa iliyoleta shida inasimamishwa na nyingine inashika zamu siku hiyohiyo, na kazi hiyo inafanywa na mtu wa hospitali, si wewe peke yako na dada wa duka la dawa.

Jirani yako ana nia njema lakini hapo kakosea. Kifafa si sumu iliyolala mwilini inayosubiri kutokea kwenye ngozi, ni hitilafu ya umeme wa ubongo, hakuna uchafu wowote wa kutoka. Kauli hii ya "dawa inafanya kazi ndo maana inatoa" ni hatari kuliko anavyojua, maana inamfanya mtu aendelee kumeza kile kinachomuumiza huku anashukuru.

Mama naye hakusema upuuzi, ziwa letu kweli linawasha watu. Vijidudu vya kichocho vikipenya ngozi vinaleta muwasho na vipele, mtu yeyote aliyekulia pwani ya Ziwa Victoria anajua. Ila muwasho ule huwa unakuja ndani ya masaa au siku moja hivi baada ya kuingia majini, unakaa sehemu zilizolowa, mara nyingi miguuni na mikononi, na unapoa wenyewe ndani ya siku chache. Hauchomi macho wala hauleti vidonda mdomoni. Kijana anayeanika dagaa juu ya kichanja amesimama nchi kavu, vipele vikaanzia kifuani na mgongoni chini ya shati, mimi sianzi na ziwa hapo. Naanza na kalenda. Swali langu la kwanza kwa kila mwenye vipele ni hili, kuna dawa gani mpya imeingia mwilini ndani ya miezi miwili iliyopita? Na wewe jibu ulikuwa nalo, siku ya 18.

Kwa nini siku ya 18 na si siku ya kwanza? Hapa ndo watu wengi wanapotezwa, wanasema "mbona nimemeza wiki mbili nzima sijadhurika, haiwezi kuwa dawa". Iko hivi. Ukimeza karbamazepini inafika kwenye ini, ini linaivunjavunja ili itoke mwilini, na katika kuvunjwa kuna vipande vinavyobaki vyenye ukali, kwa watu wengi vinasafishwa haraka bila shida. Kwa baadhi ya watu, kwa sababu ya maumbile waliyozaliwa nayo, hiyo dawa au vipande vyake vinajishika kwenye seli za mwili na kinga ya mwili ikiviona inaona mgeni. Sasa fikiria sungusungu wa kijijini, mgeni akiingia siku ya kwanza hakamatwi, kwanza kuna mtu amtilie shaka, aende amwambie mwenzake, wakae, ndo yowe lipigwe watu watoke na marungu. Kinga ya mwili nayo ni hivyo, inachukua siku kujipanga na kuzaliana, ndo maana vipele vya hizi dawa vinakuja kati ya wiki ya kwanza na ya nane, hasa wiki ya pili, ya tatu na ya nne. Na yowe likishapigwa, askari hao wanakwenda kupiga ngozi yako mwenyewe. Halafu jambo la muhimu, wakishamjua yule mgeni hawamsahau, mwaka mwingine ukimeza kidonge kimoja tu hawasubiri tena wiki tatu, wanatoka siku ileile au kesho yake, na safari hiyo wanakuja na hasira zaidi.

Dawa zinazoongoza kwa hili ni karbamazepini, ambayo wengi mnaijua kama Tegretol, fenitoini, fenobabitoni na lamotrijini. Kati ya watu 100 wanaoanza karbamazepini, fenitoini au lamotrijini, kama 5 hadi 10 hivi watatoka vipele vya namna fulani, na wengi wao ni vile vya kawaida, vinawasha, dawa ikiachwa vinapotea ndani ya wiki moja au mbili na maisha yanaendelea. Kwa hiyo mtu asisome hapa akaenda kutupa dawa yake anayotumia mwaka wa tano bila shida, aisee tafadhali usifanye hivyo. Hatari kubwa iko miezi miwili ya mwanzo, ukishapita hapo salama uwezekano unashuka sana.

Ile aina mbaya ni adimu, kwa watu 10,000 wanaoanza dawa hizi tunazungumzia mtu 1 hadi 10 hivi. Ila ikija haina mchezo. Kuna inayoitwa Stevens-Johnson, majina ya madaktari wawili wa Marekani walioielezea mwaka 1922 baada ya kuona watoto wawili wenye homa, macho yaliyovimba na mdomo uliojaa vidonda. Ngozi inatoka malengelenge, inabambuka kama ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto, na karibu mgonjwa 1 kati ya 10 anafariki, ikisambaa zaidi ya asilimia 30 ya mwili tunampoteza kama 1 kati ya 3. Na kuna nyingine ambayo ngozi haibambuki sana lakini mgonjwa anapata homa kali, uso unavimba hasa kuzunguka macho, tezi za shingo zinatoka, na ini au figo zinashambuliwa, hii inajificha vizuri sana kama malaria au taifodi na watu wanamaliza dozi mbili za malaria huku bado wanameza dawa inayowaua.

Nisimulie kidogo. Nikiwa bado mchanga kazini, zahanati moja huku visiwani nilipokuwa nafanya kazi, aliletwa binti ana siku tano za vipele na homa, ametibiwa malaria kabla. Nilimuangalia mikono, nikamuangalia tumbo, nikaandika aleji, nikampa dawa ya kuwasha. Sikumwambia afungue mdomo na sikumuuliza anatumia dawa gani nyumbani. Alirudi baada ya siku mbili hawezi kumeza hata mate na macho yameshikana, ndo mama yake akatoa kwenye kanga kifuko cha karbamazepini. Alipona, namshukuru Mungu, lakini macho yalibaki na makovu na mpaka leo mwanga unamsumbua. Tangu siku hiyo hakuna mgonjwa wa vipele anayetoka mbele yangu bila kufungua mdomo.

Na hapa kuna kitu lazima nikiseme kuhusu ngozi zetu. Karatasi za maelezo ndani ya boksi la dawa zinasema tazama wekundu, picha za mitandaoni zote ni watu weupe wenye madoa mekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huuoni, utaona madoa yameiva kuwa meusi zaidi, au kijivu, au zambarau hivi, mara nyingine huoni kitu kabisa ila ukipitisha kiganja unasikia ngozi imekuwa ya chenga chenga na ina joto. Kwa hiyo mtoe mgonjwa nje mchana kwenye mwanga, mtazame mgongo, kisha tazama sehemu ambazo rangi haifichi: ndani ya midomo, kwenye fizi, weupe wa macho, viganja na nyayo. Muulize pia kuhusu sehemu za siri, vijana wanaona aibu kusema wanakaa kimya nazo. Na muulize inawasha au inauma? Kuwasha kunanipa afueni kidogo. Ngozi inayouma ukiigusa, hiyo siipendi kabisa, maana maumivu mara nyingi yanatangulia kubambuka.

Kwa hiyo ukiona vipele pamoja na homa, au macho, mdomo, koo, sehemu za siri kuuma, au malengelenge, au ngozi inatoka ukiisugua, au uso umevimba, tezi, macho ya njano, mkojo mweusi kama soda, pumzi kubana, hapo dozi inayofuata usimpe na safari inaanza muda huohuo hata kama ni saa nane usiku. Mjini Mwanza nenda moja kwa moja dharura, hospitali ya Sekou Toure au Bugando, aliye Ukerewe aanzie hospitali ya Nansio asisubiri kivuko cha kesho, huko wataanza kumpa maji, watamfunika kifafa kwa dawa nyingine, na wao ndo watapanga safari. Kama hakuna hata dalili moja kati ya hizo, ni vipele vinavyowasha tu na mtu anakula anacheka, bado mpigie mtu wa kliniki au nenda siku hiyohiyo kabla ya dozi inayofuata. Mara nyingi tutaisimamisha tu hata kama ni vya kawaida, maana siku ya kwanza hakuna daktari anayeweza kukuhakikishia kwamba vitabaki vya kawaida.

Hofu yako ya kuacha ghafla iko sawa kabisa. Ubongo uliozoea dawa ukinyang'anywa ghafla unaweza kurudisha degedege kwa nguvu, mtu anaanguka mara kwa mara bila kuzinduka katikati, na fenobabitoni ndo mbaya zaidi kwa hilo. Ndo maana nasema kuachisha kufanyike pale ambapo kuna wa kumfunika. Kwa kawaida tunatumia klobazamu au diazepamu kwa siku chache, huku tunaanzisha dawa ya kudumu ya ukoo mwingine.

Sasa vile vidonge vya fenobabitoni. Nashukuru uliuliza kabla ya kumpa. Karbamazepini, fenitoini na fenobabitoni ni ndugu wa ukoo mmoja, zinafanana umbo, na karibu nusu ya watu waliokataliwa na mmoja wanakataliwa na ndugu yake pia. Mdogo wako ana kitu kizuri upande wake, amekula fenobabitoni zaidi ya miaka 10 bila kipele, hiyo ina maana, na huko mbele daktari wake anaweza kuifikiria. Lakini wakati huu ambapo kinga yake imeshawaka moto si wakati wa kumuongezea ndugu wa yule aliyeleta ugomvi. Kile kidogo alichokuwa bado amebakizwa nacho, wodini wataamua wakipunguze vipi, nyumbani usiguse.

Atapewa nini basi? Levetirasetamu kwa upande wa ngozi ni mpole sana, shida yake ni bei na kupatikana, kuna miezi unaizunguka Mwanza nzima, na wengine inawafanya wawe na hasira za karibu au huzuni, familia muwe mnamuangalia. Valproeti nayo ngozi inaiacha, ni ya muda mrefu na inajulikana, ila inapita kwenye ini, kwa hiyo lazima kwanza kipimo cha ini kitoke kizuri. Kwa kijana wa kiume inafikirika. Angekuwa dada wa umri huo nisingeikimbilia, maana mimba ikitunga akiwa anaimeza mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro za uti wa mgongo au akawa mzito wa kujifunza, na hii wasichana wengi hawaambiwi. Lamotrijini ni nzuri kwa mengi lakini nayo ina historia ya vipele, kwa kijana aliyetoka tu kwenye hili si chaguo langu la kwanza.

Na kwa kuwa nimeitaja lamotrijini, walioandikiwa hiyo wanisikilize. Inapandishwa polepole sana makusudi, kawaida miligramu 25 kwa siku wiki mbili, halafu 50 wiki mbili, na kama unatumia pamoja na valproeti inaanzia chini ya hapo, kwa sababu valproeti inaizuia isitoke mwilini. Watu wanaona kinawachelewesha, wanajiongezea. Vipele vinapenda sana mtu anayeruka ngazi. Na ukiikosa siku tano au zaidi mfululizo usirudi kwenye dozi uliyoishia, uliza kwanza, mara nyingi tunaanza upya kutoka chini.

Piritoni inapunguza kuwasha, hilo tu. Haizuii kile kinachoendelea ndani, na inakupa moyo kwamba tatizo limeisha wakati halijaisha. Halafu dawa za aleji za zamani zile zinazolaza kwa baadhi ya watu zinachokoza kifafa, kwa hiyo mtu wa kifafa asinunuliwe ovyo. Na mafuta ya mkorogo, majani ya kuogea, dawa za fangasi za kupaka, vyote hivyo viache mpaka daktari ameona ngozi ilivyo, ukishapaka hatuoni tena kitu.

Kitu kingine, kama mgonjwa anaishi na virusi vya UKIMWI aseme tu, hakuna wa kumhukumu, vipele vya dawa kwao vinatokea zaidi, Septrini yenyewe inaweza kuleta Stevens-Johnson, na karbamazepini inapunguza nguvu ya dolutegraviri, dawa ya kufubaza virusi, kwenye damu, hilo peke yake ni sababu ya kutafuta dawa nyingine. Na wasomaji wenye asili ya Asia, wakiwemo Wahindi tunaoishi nao hapa mjini, wamwambie daktari kabla ya kuanza karbamazepini, kuna jeni inayoitwa HLA-B*15:02 inayoongeza hatari, na tangu mwaka 2007 Marekani wanashauri ipimwe kwanza kwa watu wa asili hiyo. Kwa Waafrika jeni hiyo ni adimu, ila kama ulivyoona kwa mdogo wako, kutokuwa nayo si kinga.

Akitoka wodini nataka jina la dawa hii liandikwe kwa herufi kubwa kwenye daftari la kliniki na kwenye karatasi anayotembea nayo, na nyumbani mjue wote kwamba karbamazepini hatakiwi kuimeza tena maisha yake, kwa jina lolote la boksi, maana viwanda vinabadilisha majina. Siku mtu mwingine wa damu yenu akiandikiwa dawa za ukoo huu, mtajeni yeye kwa daktari. Waulize pia wodini kama wameripoti TMDA, yaani mamlaka ya serikali inayosimamia dawa, kuna fomu ya madhara ya dawa, inajazwa kwa dakika chache. Na macho yake yaangaliwe na daktari wa macho kabla ya kuruhusiwa, hata kama yameacha kuchoma.

Mpaka dawa mpya ikae sawa asisogee majini peke yake, asipande mtumbwi, na mama amtafutie kazi mbali na jiko. Akianguka mlazeni ubavu, msimwekee kijiko wala kitu chochote mdomoni, ikipita dakika 5 hajatulia mrudisheni hospitali. Vile vidonge vya karbamazepini vilivyobaki vikabidhi famasia ya hospitali, visirudi kabatini na asipewe jirani. Majibu ya kipimo cha ini yakitoka nitumie picha yake kwenye ile namba niliyokujibia, tuone kama valproeti inawezekana au tuanze kuitafuta levetirasetamu mapema.